Miaka Thelathini na Minne Chuoni, Saa Tatu Melini

Mwalimu Molly Chepkemboi alianza kazi katika chuo chetu Jumatatu, tarehe 6 Mei 1991, na anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Hiyo ni miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote alichelewa kazini mara moja tu, mwaka wa 1998, mvua ilipobomoa daraja. Sherehe ya kumuaga itafanyika bwaloni Ijumaa tarehe 27 Juni, saa nne asubuhi. Kamati ya ustawi iliniomba mimi, Janefer Mokeira wa idara ya upishi, niandike ukurasa mmoja wa kumchangamsha mstaafu na wageni wake. Nimejaribu. Ukurasa umekuwa mrefu na uchangamfu umeniishia katikati, kwa hivyo anayetaka kucheka tu asome nusu ya kwanza, kisha aende akasaidie kupanga viti.

Mwalimu Molly ni mzaliwa wa Siongiroi, binti wa mchuuzi wa ng'ombe. Alipofika hapa alikuwa na miaka ishirini na sita, cheti kimoja, na sanduku la bati lenye jina la kakake. Idara ya utunzaji wa vyumba aliyokabidhiwa ilikuwa na kitanda kimoja, shuka nne na fagio mbili, mmoja hauna mpini. Wanafunzi thelathini walikipigia foleni kitanda hicho. Kilitandikwa na kutanduliwa kutwa nzima mpaka springi zikakatika mwaka wa pili, na Mwalimu akaendelea kufundishia juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Waliofunzwa juu ya madawati hayo leo wanasimamia vyumba katika hoteli za Kisumu, Nakuru na Naivasha.

Wageni wengi wa Ijumaa wanamjua kwa kidole chake. Mwalimu Molly hawezi kuingia chumba chochote bila kupitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Amekipitisha ofisini kwa mkuu wa chuo, amekipitisha zahanati, na siku moja, Mungu anisamehe kwa kucheka, alikipitisha juu ya jeneza ambalo idara ya useremala ilikuwa imelileta kwenye maonyesho. Jikoni kwangu alikipitisha kila Jumatatu kwa miaka miwili, hadi tukagombana mbele ya wanafunzi, nikamwambia akimaliza sufuria zangu aende akapanguse mawingu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tumekunywa chai ya saa nne pamoja. Na mwaka wa 2008, mambo yalipoharibika baada ya uchaguzi na sisi tuliotoka upande wa Kisii tukaambiwa tuhame, alinichukua mimi na wanangu wawili akatuweka kwao Siongiroi wiki tatu. Hajawahi kunikumbusha, nami sijawahi kumshukuru ipasavyo.

Sasa tuje kwenye kabini, ule mfano wake wa chumba cha melini, maana huwezi kuandika juu ya Mwalimu Molly ukaiacha. Mwaka wa 2012 mashine za kuchuma majani chai zilikuwa zimeanza kuingia kwenye mashamba makubwa, na akina mama waliokuwa wakisomesha watoto kwa kuchuma wakabaki kuzitazama kutoka barabarani. Mwaka huohuo wakala mmoja kutoka Pwani alipita hapa akitafuta vijana wa kuhudumu vyumbani katika meli za watalii. Mwalimu Molly alikuwa hajaona bahari. Hata Ziwa Victoria alikuwa ameliona mara moja tu, tena kwa mbali. Lakini alipata kitabu cha mwongozo, akapata picha za kalenda, akampata mzee Ouko, dobi aliyewahi kufua shuka melini miaka sita. Mzee Ouko alimchorea vipimo vya kabini kwa chaki sakafuni, na kila Mwalimu alipotaka kuipanua kidogo alimrudisha nyuma: ni ndogo kuliko hivyo, Madam, ni ndogo kuliko hivyo.

Alikijenga chumba hicho katika kibanda cha zamani cha kununulia majani chai, ng'ambo ya ua wetu, kilichoachwa wazi kiwanda kilipojenga kingine. Kuta za mbao, paa la mabati. Aliweka vitanda viwili vyembamba, kabati la nguo, friji iliyokufa, na jaketi mbili za kuokoa maisha alizozishona mwenyewe kwa turubai na sponji ya godoro kuukuu. Mbele ya kibanda kulikuwa na jukwaa la saruji, pale ambapo wakulima walikuwa wakisimama kupimiwa magunia yao. Hilo likawa balkoni. Akalipigia reli ya chuma ya kushikilia, na chini ya reli akatia kioo kirefu kilichotoka kwenye mlango wa duka lililovunjwa mjini. Kutoka pale hadi kwenye chai ilikuwa kimo cha mita moja, si zaidi.

Somo kuu liliitwa siku ya kupanda. Mwanafunzi mmoja alikuwa abiria, mwingine mhudumu. Abiria aliingia na sanduku akiringa, na wengine waliringa kupita kiasi, wakidai chumba hakina hewa, wakidai mto mwingine. Mhudumu alimkaribisha kwa jina, akamwonyesha taa, jaketi na njia ya kutokea, akamsukumia sanduku chini ya kitanda, kisha akamwachia taulo lililokunjwa kwa umbo la mnyama. Kitabu kilisema tembo au ndege. Watoto wetu walikunja ng'ombe, mwenye pembe na nundu, na msichana mmoja wa Kabianga alikunja hadi ndama anayenyonya. Nasikia mpaka leo wako abiria wa nchi za mbali wanaouliza wale wanaokunja ng'ombe wanatoka wapi.

Halafu kioo. Barabara ya murram inapita hapo karibu. Mvua ikinyesha matope yanaruka, jua likiwaka ni vumbi. Mwaka wa 2014 alikuja mkaguzi, akaketi kwenye ile balkoni yetu, akatazama mashamba, akaandika kwamba kioo upande wa nje ni kichafu. Wacha tu! Mwalimu Molly hakula siku mbili. Kuanzia hapo somo la siku ya kupanda likaongezwa hatua ya mwisho: mhudumu apande juu ya reli, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mkono wa kushoto ushike reli, wa kulia upanguse kioo upande wa nje mpaka kiwe safi. Asiyeweza hatua hiyo hakufuzu.

Walianguka. Walianguka kila wiki, na hakuna aliyeumia, kwa sababu michai iliyokatwa vizuri inakubeba. Unalala juu yake chali, miguu inaning'inia, na darasa zima linakupigia makofi. Nilikuwa nikiwatazama kutoka dirisha la jiko. Ni mimi niliyeanzisha desturi kwamba aliyeanguka apewe andazi moto, na nina hakika wengine walikuwa wakianguka makusudi. Tulikuwa na furaha sana miaka ile.

Kati ya 2013 na 2024, vijana mia moja sitini na tatu kutoka darasa hilo walipata kazi melini. Wamejenga, wamesomesha wadogo zao, wengine wameoana hukohuko baharini wakaja kubarikiwa hapa. Sifa hizo zote ni zake na mkuu wa chuo atazisoma Ijumaa moja baada ya nyingine, kwa hivyo mimi naziacha. Hapa ndipo niliposema uchangamfu umeniishia.

Fancy Chepkirui alikuwa wa Kiptere. Babake alifariki akiwa mdogo. Mamake, Rodah, ambaye sote tunamwita Mama Fancy, ana robo tatu ya ekari ya chai na ng'ombe wawili. Mama Fancy hakutaka binti yake aende baharini. Mwalimu Molly alimwendea mara tatu kumbembeleza, na mara ya tatu alinibeba na mimi pamoja na keki. Alimpa neno lake nikiwa nimeketi hapo, kwamba hakuna jambo melini ambalo Fancy atakutana nalo kabla hajafunzwa hapa. Fancy alipanda meli mwaka wa 2022. Machi 2023, siku ya kupokea abiria, meli ikiwa imefungwa kwenye bandari ya nchi ya mbali, alianguka kutoka balkoni ya ghorofa ya tisa hadi kwenye saruji ya gati. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Mwili uliletwa nyumbani pamoja na barua fupi. Barua ilisema marehemu alipanda juu ya reli kwa hiari yake mwenyewe. Ai, watu! Maneno hayo yalizunguka Kiptere nzima kabla ya jeneza kufika. Wale waliozoea kula kwa Mama Fancy wakaanza kunong'ona kwamba msichana amejiua. Katika kanisa lao aliyejiua haingizwi ndani wala haimbiwi. Fancy alizikwa saa tatu asubuhi kwa dua moja ya haraka, watu wakaenda zao bila kula. Mimi ndiye niliyepika, najua kilichobaki kwenye sufuria.

Mwalimu Molly aliombwa aseme neno kwa niaba ya chuo. Alisema watoto wa siku hizi hawasemi yanayowasumbua. Alilisema kwa huruma, machozi yakimtoka, mbele ya mama ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akirudia kwamba mwanawe hakuwa na neno lolote la kumsumbua. Mama Fancy alimtazama, basi. Kwa miaka miwili iliyofuata alikaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, na kutoka kabla ya wengine.

Desemba iliyopita wanafunzi wa zamani walikutana wakachagua zawadi ya kustaafu ya Mwalimu wao. Hapa kwetu mstaafu hupewa ng'ombe wa maziwa au tangi la maji. Wao walimpa kabini: safari ya siku nne kutoka Mombasa, nafasi ya watu wawili, katika meli anayofanyia kazi Kipkoech wa darasa la 2016, ambaye sasa ni msimamizi wa wahudumu wa vyumba. Ndiyo meli aliyoifanyia kazi Fancy. Mwalimu alisita kwa sababu hiyo. Nikamwambia meli haina kosa, tena mtu wa pili ni mimi, na nilikuwa nimeshashonesha nguo mbili.

Tulipanda Jumamosi tarehe 15 Februari, saa sita mchana. Mizigo ilikaguliwa, tukapigwa picha, tukapewa kadi ya kufungulia mlango. Kipkoech alitungojea ghorofa ya tisa, amevaa sare yenye vifungo vinavyong'aa. Alimshika Madam mikono yote miwili. Kisha akatufungulia na kuanza, hatua kwa hatua, somo la siku ya kupanda: karibu, Madam Chepkemboi, hii ni taa, hapa kuna jaketi, njia ya kutokea iko kushoto. Mwalimu alimsikiliza amesimama wima, akiitikia kwa kichwa kila hatua. Kijana akasahau taulo, akakumbushwa.

Sijawahi kumwona mtu akifurahia chumba namna ile. Kidole kilipita juu ya kabati, nyuma ya televisheni, chini ya meza. Alihesabu hanga. Alifunua godoro aone pembe za shuka zilivyokunjwa. Alifungua friji akashtuka kuona inafanya kazi. Halafu akalala kifudifudi sakafuni, mwanamke wa miaka sitini kasoro, akalisukuma sanduku lake chini ya kitanda. Likaingia lote. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiwaambia watoto kwamba nafasi hiyo ipo, kwa kumwamini mzee Ouko peke yake, na sasa ameiona kwa macho. Alikaa palepale chini akacheka, akaniambia, "Mokeira, sikuwadanganya."

Nami nilipanga vitu vyangu. Nguo mbili mpya kwenye hanga, viatu vya kutembelea mlangoni, mahindi ya kuchemsha juu ya meza, kwa kuwa simwamini mpishi nisiyemjua. Njiani nilikuwa nimeshachungulia bwalo la chakula na kuona meza ya matunda peke yake ikitoka ukuta hadi ukuta. Nilivua viatu, nikajaribu kitanda, nikajaribu mto. Nilikuwa nimeamua kufurahi siku nne, na mimi nikiamua nimeamua.

Kisha Mwalimu akafungua mlango wa balkoni.

Watu waliokuwa chini kwenye gati walikuwa wadogo hivi kwamba sikuweza kujua yupi ni mwanamume na yupi ni mwanamke. Mwalimu alishika reli. Hakuitazama bahari, ambayo alikuwa ameingoja maisha yake yote. Alitazama kioo kilicho chini ya reli. Upande wa nje ulikuwa na michirizi ya chumvi iliyokauka. Akauliza, kwa ile sauti yake ya darasani, ni nani hupangusa huku nje.

Kipkoech alikuwa amesimama mlangoni. Alisema upande wa nje hupanguswa na wanaume wa kamba, wanaoteremshwa kutoka juu meli ikiwa bandarini. Mhudumu wa chumba haruhusiwi hata kuegemea reli. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayoambiwa mtu siku ya kwanza. Mwalimu akauliza kama Fancy aliambiwa. Kipkoech akasema aliambiwa. Mwalimu akanyamaza, akamngoja. Hungoja hivyo darasani, na sijui mwanafunzi aliyewahi kuuweza ule ukimya.

Kijana akasema yote. Siku ile Fancy alikuwa na vyumba kumi na vitano vya kutayarisha, na abiria wameshapanga foleni chini. Mkubwa wake alipita akasema kioo cha chumba fulani kinachukiza, na abiria wa hapo ni mtu wa heshima. Watu wa kamba walikuwa wamemaliza zamu yao. Kamera ya gati ilimwonyesha Fancy akipanda juu ya reli, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mkono wa kushoto umeshika, wa kulia una kitambaa. Alipangusa kioo chote. Aliteleza alipokuwa akirudi ndani. Kipkoech alionyeshwa picha hizo, na alipoziona alijua mara moja zilikotoka, maana na yeye alifunzwa vivyo hivyo. Hakumwambia mtu. Aliogopa kufutwa kazi, na zaidi ya hilo, alisema huku akilia, hakutaka Madam ajue.

Nilitaka kusema ni kosa la yule mkubwa, ni kosa la walioandika barua, ni shetani. Mdomo ulifunguka, lakini nikamwona Fancy dirishani kwangu, majani ya chai nywelini, ameanguka mara ya pili kwa siku moja, ananyoosha mkono apewe andazi lake.

Mwalimu Molly aliingia ndani, akalala tena kifudifudi, akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Aliondoa nguo zake kwenye hanga moja moja akazikunja. Alitandika upya pale alipokuwa amefunua godoro. Kipkoech alimsihi: Madam, siku nne tu, meli itarudi. Naona haya kuliandika hili, lakini na mimi nilimsihi. Nilimwambia kwamba Mama Fancy amengoja miaka miwili, siku nne ni nini? Alinijibu bila hasira kwamba mimi nibaki nile. Nikavaa viatu. Kushuka melini siku ya kupanda si mchezo. Wanakuuliza kama u mgonjwa, wanakujazisha karatasi, wanakutazama kama mwizi. Tulikuwa ndani ya meli ile saa tatu na dakika chache. Ilipoondoka tulikuwa tumeketi juu ya masanduku yetu nje ya lango la bandari, tunakula mahindi baridi.

Jumatatu tulikuwa Kiptere. Mama Fancy alikuwa shambani, kikapu mgongoni, wala hakuacha kuchuma alipotuona. Mwalimu Molly alimweleza akiwa amesimama kwenye njia, kuanzia mkaguzi wa 2014 hadi kamera ya gati, bila kuruka kitu na bila kujipunguzia. Alisema ni yeye aliyemfunza. Aliposema neno kitambaa, mikono ya Mama Fancy ilisimama. Aliuliza swali moja tu, kama mwanawe alikimaliza kile kioo. Mwalimu akamjibu kwamba alikimaliza.

Mama Fancy alitia kikapuni majani yaliyokuwa mkononi. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikose hata neno: "Yale mengine mliyasema mbele ya watu. Haya nayo usinipe mimi hapa kwa shamba. Peleka kulekule."

Mkuu wa chuo alimwita Mwalimu akamwomba afikirie. Alimwambia amebakiza miezi minne, aondoke na jina lake zuri, mambo ya zamani ayaache. Wenzetu wengine walimwambia hivyohivyo kwa maneno matamu zaidi. Jumapili alivaa sketi yake ya bluu akaenda kanisani Kiptere. Nilimfuata nikakaa benchi la tatu.

Baada ya matangazo alisimama akasema yote. Watu walisikiliza, lakini niliona nyusoni kwamba hawaoni kitu; reli ni nini, balkoni ni nini, mtu apande huko kufanya nini kama hataki kufa? Na yeye aliliona. Akavua viatu, akapanda juu ya mgongo wa benchi la mbele, mguu mmoja huku, mmoja kule, sketi imepanda hadi magotini mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa. Mkono wa kushoto ulishika ubao, wa kulia ulikuwa na leso. Akainama, akapangusa hewa. Alipangusa kwa muda mrefu, kama vile kioo kiko hapo na kina uchafu. Akasema: "Hivi ndivyo nilimfunza. Alikuwa hivi. Mwenye anaona mtoto anataka kufa anionyeshe ni wapi." Benchi likayumba na mzee mmoja akalishika kwa mikono yote miwili.

Mama Fancy aliinuka kutoka karibu na mlango akapita katikati ya kanisa hadi mbele. Hakumtazama Mwalimu. Aliitazama kwaya, ile iliyokataa kuimba. "Mmeona?" akawauliza. "Mtoto wangu alikuwa kazini." Akaketi benchi la kwanza, na waliokuwa hapo wakasogea. Mwezi uliofuata kanisa zima lilikwenda kaburini likaimba nyimbo ambazo halikuimba mwaka wa 2023. Nilipika tena, na safari hii chakula kililiwa.

Siku ile kanisani mimi sikusimama. Nilikuwa na maneno yangu, nikayameza, kwa hivyo nayaandika hapa mahali ambapo kila mtu atayasoma. Mwalimu Molly alimfunza Fancy kupanda reli, lakini mimi ndiye niliyemfunza kwamba kuanguka kuna utamu. Mwenye kinyongo na mstaafu Ijumaa aanze kupitia jikoni.

Ningekuwa mwandishi mwema ningesema mambo yametengenea. Hayajatengenea. Darasa la kabini limefungwa. Kioo kimeng'olewa na mbao zimechukuliwa na idara ya ujenzi. Vijana kumi na wanane waliokuwa wamejiandikisha wamerudi kwao, ambako mashine zinachuma chai na wao wanazitazama. Wazazi kadhaa wamemwambia Mwalimu usoni kwamba amewaharibia watoto kwa kutaka kusafisha roho yake, na yeye anafikiri huenda ni kweli. Amekonda. Chai ya saa nne anaiacha ipoe mbele yake. Nikimwambia alifanya haki, ananisikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani. Amekataa ng'ombe, amekataa tangi, na kamati tafadhali isimshangaze na zawadi nyingine.

Tangu Machi, kila Jumamosi, hutembea hadi Kiptere, akasimama kwenye lango la Mama Fancy na kusalimu: "Chamge." Mama Fancy huwa uani, anakama au anafua, na anamsikia vizuri. Haitikii. Hamfukuzi, hamtukani, haitikii tu. Na hapa kwetu salamu isiyoitikiwa, mtu huibeba nyumbani kama mzigo. Mwalimu husimama kidogo, kisha hugeuka. Nimemsindikiza mara nne.

Mwalimu Molly, chuo kinakushukuru kwa miaka thelathini na minne, kwa vijana uliowapa njia pale njia zilipokuwa zimefungwa, na kwa Jumapili moja ambayo wengi wetu tusingeithubutu. Watakaosimama Ijumaa watakutakia mapumziko marefu na usingizi mwema. Mimi siwezi kukutakia hayo, maana najua hulali. Nakutakia Jumamosi moja, hata moja tu, usalimu pale langoni na usikie mtu ameitikia.